Kwa nini ua la kopo hufa baada ya kuwekewa mbolea?

Kuanzia hapa Kitete hadi vijijini, nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku hazikosi mbolea iliyobaki kwenye mfuko. Ua la majani mapana pale barazani likianza kufifia, wengi wetu huchota kiganja kimoja na kulimwagia. Siku chache baadaye ncha za majani zinakauka, ua linanyauka.

Mbolea ya dukani kwa kawaida ni aina ya chumvi. Shambani husambaa ardhini, lakini ndani ya kopo haina pa kwenda. Kama chumvi inavyotoa maji kwenye kachumbari, ndivyo inavyoinyima maji mizizi.

Tena, NPK 10:18:24 ya tumbaku ina kilo 10 tu za naitrojeni, kirutubisho cha majani, katika kila kilo 100. Urea ina kilo 46.

Tufanyeje? Tuyeyushe kijiko kimoja cha chai cha urea, kisichojaa kupita kingo, katika ndoo ya lita 10. Kwanza tuloweshe udongo kwa maji matupu, ndipo tumwagilie maji hayo ya mbolea. Mara moja kwa mwezi inatosha, tena wakati wa mvua tu. Kiangazi ua hukua taratibu, tusiliwekee.

Kama umeshazidisha, toboa matundu chini ya kopo, kisha mwagia maji safi mengi hadi yatoke chini. Rudia mara tatu. Mizizi ikiwa bado myeupe, ua litachipua.