Wahasibu wanavyokula masaa yao wenyewe

Ukimpigia rafiki yako mkaguzi wa hesabu kati ya Januari na Aprili, jibu ni moja kati ya matatu. Hachukui simu, anasema yuko kwa klayenti, au anakunong'onezea kama mtu aliye kanisani. Hiyo ni saa tatu usiku.

Wenyewe wanauita msimu. Kampuni nyingi Kenya hufunga vitabu Desemba 31, na kuanzia hapo ni makataa juu ya makataa. Salio la kodi ya kampuni linafaa kulipwa kabla ya Aprili kuisha. Ritani ni Juni 30. Katikati hapo, kila tarehe 9 kuna PAYE na kila tarehe 20 kuna VAT. Na wengine huanza mapema zaidi. Siku ile wewe unajipanga kwenda krosova, mwanagenzi wa ukaguzi yuko kwa ghala Industrial Area akihesabu magunia, kwa sababu stoku huhesabiwa mwaka ukifungwa.

Sitakudanganya kwamba msimu utaisha. KRA haitasongeza Juni 30 eti kwa sababu umechoka, na hata mkulima ana wakati wake wa kulala shambani. Kinachonikera ni kitu kingine, ambacho sikukijua hadi nikaanza kuishi na mkaguzi. Mimi chuo niliachana nacho mwaka wa pili, kwa hivyo CPA naijua kwa kuona vitabu vya mwenzangu vikishika vumbi mezani. Yeye yuko kampuni ya ukaguzi ya kadiri, jina nitaliacha. Kutoka keja ni saa kumi na mbili asubuhi, kurudi ni saa nne usiku, na Jumamosi pia anaenda. Jumapili moja nikampata akijaza fomu ya masaa ya wiki. Akaandika nane mara tano. Jumla 40.

Nikamuuliza yale mengine yameenda wapi, maana kwa hesabu yangu ya haraka yalipita 60. Akacheka, akasema ameyala.

Kumbe ni kitu cha kawaida kwenye hiyo kazi. Kila ukaguzi hupewa bajeti ya masaa, kwa sababu ada ya mteja ilishakubaliwa. Tuseme 200. Kazi ikichukua 300, meneja anaonekana hajui kupanga na wewe unaonekana uko slo. Kwa hivyo unaandika 200, hayo 100 unameza. Mwaka ujao wanafungua faili, wanaona 200, na mtu anasema sasa mnamjua huyu mteja, fanyeni na 180. Mwanagenzi mpya anarithi uongo wako na anauongeza. Hawa ndio watu wanaolipwa kutafuta uongo kwenye vitabu vya wengine!

Mambo mengi tunayolalamikia ofisini humo yanatoka hapo. Kama kwa karatasi timu inamaliza kwa saa 200, nani ataajiri mtu wa ziada? Mchana mzima mnangoja mteja alete stakabadhi za benki, zinafika saa kumi na moja jioni. Meneja naye anaipitia kazi usiku, maswali yanaingia WhatsApp saa tano. Hakuna anayeona hasara, kwa sababu muda wa kungoja na muda wa usiku haupo popote kwenye rekodi. Halafu ukibeba begi saa kumi na mbili unaulizwa kama leo uliomba ruhusa.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na siku moja ya mapumziko kila siku saba. Amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki ya siku sita, na inasema ukijumlisha na ovataimu usipite 116 kwa wiki mbili. Lakini ovataimu gani utadai na fomu inasema 40, sahihi yako chini? Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, naye alipeleka bungeni mswada wa kumruhusu mfanyakazi kutojibu simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Chama cha waajiri, FKE, kiliupinga. Ufaransa wana sheria kama hiyo tangu 2017.

Na hili si suala la watoto laini wa Gen Z. Julai 2024, mhasibu wa miaka 26 alifariki Pune, India, miezi minne hivi baada ya kuajiriwa na EY. Mamake aliandikia mwenyekiti wa kampuni hiyo India barua akisema kazi ilimlemea mtoto wake. Mwenyekiti alisema haamini kazi ndiyo iliyomuua. Barua ilisambaa kote, nadhani kwa sababu wengi walijiona ndani yake.

Nini husaidia? Si pizza ya Ijumaa, hata kama nitaila. Mtafiti wa Harvard, Leslie Perlow, alijaribu kitu rahisi na timu za BCG, kampuni ya ushauri huko Boston. Kila mtu alipewa muda wake wa kupumzika uliopangwa mapema, kwa mfano jioni moja kila wiki bila simu ya kazi, na timu ikakaa kila wiki kuongea jinsi kazi inavyoenda. Ili mmoja aondoke, ilibidi wengine wajue kazi yake imefika wapi, kwa hivyo wakaanza kupanga mapema. Wateja hawakukimbia.

Hapa kwetu mimi ningeanza na fomu. Mapatna waseme msimu mmoja kila mtu aandike masaa ya kweli na hakuna atakayeadhibiwa. Najua wanachoogopa. Itaonekana kuna wateja wanaolipa chini ya gharama, na ukiwapandishia ada watavuka barabara hadi jengo la pili. Wengine wataenda kweli. Lakini kwa sasa tofauti hiyo inalipwa na kijana wa miaka 24 kwa usingizi wake, na bado anatarajiwa kufaulu mitihani ya KASNEB.

Kwa wale mna intavyuu hizi wiki, usiulize kama wana "work-life balance", watasema wanayo. Uliza watu wa ngazi yako walichukua siku ngapi za likizo mwaka jana. Uliza pia nini hufanyika mtu akiandika saa 14 kwa siku moja. Kisha nyamaza, umwangalie anavyojibu.