Kabureta Inaposumbua

Leo mtahitaji penseli na daftari, na mwalimu wa darasa aweza kusimama mahali po pote kuwauliza maana ya neno.

Somo letu ni juu ya pikipiki ya zamani na chombo chake kidogo kiitwacho kabureta. Tumelichagua kwa sababu chombo hiki huwatoa watu fedha bure. Pikipiki ikikataa kuwaka, au ikikohoa kilimani, mara utasikia: "Kabureta imekufa, nunua nyingine." Mwenye pikipiki anatoa fedha aliyoiweka kwa karo ya mtoto, anafungiwa kabureta mpya, na kesho yake pikipiki inakohoa vile vile. Kabureta haifi upesi namna hiyo. Mara nyingi imeziba tu, au haina kosa lo lote na ugonjwa uko mahali pengine.

Kwa mfano wetu tuchukue Honda CG125. Wajapani walianza kuitengeneza mwaka 1976, kisha viwanda vya China vikaiga injini yake. Ndiyo maana bodaboda nyingi mnazoziona katika Tanzania, Kenya na Uganda zina injini ya ukoo huo huo. Kama yako ni ya namna nyingine, lakini kabureta yake ina bakuli chini na kebo ya mafuta inayoingia juu, maneno mengi ya leo yatakufaa.

KAZI YA KABURETA

Petroli ikiwa maji haiwaki vizuri ndani ya injini. Hapana budi ivunjwe iwe kama ukungu, ichanganywe na hewa. Na hewa yenyewe ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kilo 1 ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa. Ukipima kwa lita, lita 1 ya petroli yataka lita 9,000 hivi za hewa. Ndiyo, elfu tisa! Chupa moja kubwa ya petroli inameza hewa ya chumba kidogo kizima.

Pistoni ya injini inaposhuka, huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo ni jembamba katikati. Hewa ipitapo penye wembamba huenda mbio, na nguvu yake ya kusukuma hupungua. Hapo petroli iliyo ndani ya bakuli hupanda kupitia vijiti vidogo vya shaba vyenye tundu, na kunyunyizika ndani ya hewa. Vijiti hivyo mafundi huviita jeti. Kuna jeti ndogo na jeti kubwa. Ndani ya bakuli mna boya, kama lile la tangi la choo cha kuvuta. Petroli ikijaa, boya huinuka na kufunga mlango wake. Ikipungua, hushuka na kuufungua.

Sasa andikeni maneno mawili katika daftari. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni MZITO. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni MWEPESI. Karibu magonjwa yote ya kabureta ni moja ya mawili hayo, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni lipi.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Kwanza habari ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Hutambaa chini, ukapita chini ya mlango mpaka kwenye jiko la mama anayepika, na moto ukarudi mpaka ulipo wewe. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara. Giza likiingia tumia tochi, si kandili. Na usinyonye petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira, ingawa umewaona wengi wakifanya hivyo. Ikiingia mapafuni yaweza kuua mtu.

Haya, tuanze na plagi. Ifungue uitazame uso wake, maana plagi husema kweli. Ikiwa na rangi ya hudhurungi, kama chai yenye maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mchanganyiko ni mzito. Ikiwa nyeupe kama chokaa, ni mwepesi, na injini inachemka kupita kiasi. Ikiwa imelowa petroli, ama kabureta inamwaga ama plagi haitoi cheche. Basi irudishe katika kofia yake, uiegemeze juu ya chuma cha injini mbali na tundu ulikoitoa, upige kiki utazame cheche. Fanya hivyo kabla hujamwaga petroli yo yote, wala si baadaye. Kama hakuna cheche, acha kabureta; shauri lako ni la umeme.

Ikiwa cheche ipo, fuata njia ya petroli tangu tangi. Tangi lina kifuniko, na kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu hilo likizibwa na vumbi, pikipiki itawaka vizuri asubuhi, itakwenda kilometa chache, kisha itazimika kama iliyoishiwa. Ukingoja kidogo itawaka tena. Ni mtego mkubwa huu, maana unafanana kabisa na kabureta iliyoziba. Kuujua ni rahisi: ikizimika, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio, na pikipiki ikawaka mara moja, ugonjwa umeuona. Dawa yake ni pini na dakika mbili.

Kisha fungua skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta, koki ikiwa wazi, ukinge petroli katika chupa safi ya kioo. Ikitiririka bila kukatika, njia ni nzima. Ikidondoka tone moja moja, koki au chujio lake vimeziba. Acha chupa itulie, uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama shanga za kioo. Mtu anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara, masika hasa, asishangae kuyakuta. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, maana hujichanganya kabisa na petroli. Lakini pikipiki iliyouziwa mchanganyiko huo huwa ngumu kuwaka asubuhi, na plagi yake hujaa masizi. Hapo hata fundi bingwa hana la kufanya kwa kabureta. Mwaga petroli hiyo, ubadili muuzaji.

Halafu njia ya hewa. Chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eakilina, likijaa vumbi, hewa hupungua na mchanganyiko huwa mzito. Lisafishe. Upande wa pili, kati ya kabureta na injini, pana kiungo chenye gasketi au oringi. Kikipasuka, hewa huingia kwa wizi na mchanganyiko huwa mwepesi. Paka povu la sabuni mahali hapo injini ikiwa inanguruma polepole. Povu likinyonywa ndani na mngurumo ukibadilika, mwizi umemkamata. Wako wanaopaka petroli badala ya sabuni. Usiwaige.

MKONO WAKO UTAKUONYESHA

Sasa tumefika kwenye kabureta yenyewe, na hapa nataka twende polepole. Kabureta haina njia moja ya petroli, ina kadhaa, na kila moja hufanya kazi zaidi mkono wa mafuta unapokuwa mahali fulani. Kwa hiyo usiulize tu, "Inasumbua?" Uliza, "Inasumbua mkono ukiwa wapi?"

Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mshikio, na kingine mahali pasipozunguka karibu nao. Funga mafuta kabisa, chora mstari mmoja unaopita juu ya plasta zote mbili, uandike 0 kwenye ile isiyozunguka. Vuta mafuta mpaka mwisho. Mstari wa mshikio umehama. Mahali ulipofika, andika 1 kwenye plasta isiyozunguka. Gawanya nafasi hiyo uandike ½ katikati, na ¼ na ¾ pande zake. Sasa endesha mahali pasipo na watu, ukisikiliza.

Ikiwa pikipiki haishiki sailensa, yaani huzimika mara unapoachia mkono, au hukohoa tangu 0 mpaka kabla kidogo ya ¼, itazame jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni. Karibu na ¼ kazi ni ya kile kipande cha duara kinachopanda na kushuka ndani ya koo, tukiite slaidi. Kikilika ubavu hakitengenezeki. Kati ya ¼ na ¾ ni sindano inayoning'inia chini ya slaidi. Kutoka ¾ mpaka mwisho ni jeti kubwa. Pikipiki inayokwenda vizuri mjini lakini inakosa nguvu ukiivuta sana kilimani, yakutuma huko.

Iko pia dalili ya choki. Choki hupunguza hewa. Kama injini ikiwa imekwisha pata moto bado haitaki kwenda ila choki ikiwa imevutwa, mchanganyiko ni mwepesi, na mara nyingi jeti ndogo imeziba. Kama choki humfanya mgonjwa azidi kuugua na moshi mweusi utoke, mchanganyiko ni mzito.

KUSAFISHA

Injini ikiwa baridi, funga koki. Kabla ya kuitoa ile skrubu ya mchanganyiko, izungushe ndani polepole ukihesabu: nusu, moja, moja na nusu, mpaka iguse. Usiikaze hata kidogo, ncha yake ni laini. Andika hesabu hiyo katika daftari. Hapa ndipo kalamu inapokuokoa, maana asiyeandika hukisia, na mwenye kukisia hutumia siku nzima. Sasa ufungue kila kitu juu ya kitambaa cheupe, ili kidude kikianguka ukione.

Toa jeti zote mbili, uzielekeze kwenye mwanga wa jua. Lazima uone tundu la duara, safi. Tundu la jeti ndogo ni jembamba sana, na chembe moja ya kutu yatosha kuliziba. Ziloweke katika petroli, kisha uzipulize kwa pampu ya baiskeli. Zikikataa, tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Usitumie waya wa chuma! Shaba ni laini, nao waya utapanua tundu. Tundu likipanuka mchanganyiko utakuwa mzito siku zote, nawe utakuwa umejitengenezea ugonjwa usiokuwapo.

Litikise boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Tazama ncha ya mlango unaofungwa na boya. Ikiwa ina alama ya duara iliyochimbika, haifungi tena, na petroli humwagika kwa mpira wa chini. Dalili hiyo usiidharau. Kabureta isiyofunga, koki ikiachwa wazi usiku, yaweza kupeleka petroli kwenye silinda mpaka ndani ya oili. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, au oili ikizidi kiasi ulichotia, usiiwashe injini kabla ya kubadili oili. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma, na kutengeneza injini ni ghali mara nyingi kuliko ncha ya mlango.

Unaporudisha slaidi, ule upande wake uliokatwa uelekee kwenye chujio la hewa. Ikiwekwa kinyume, injini yaweza kupiga kelele bila kutulia. Kabla ya kuwasha, vuta mkono wa mafuta na kuuachia mara kumi. Kila mara lazima urudi wenyewe kwa mlio wa "tak". Ukisita, usipande pikipiki hiyo.

Irudishe skrubu kwa hesabu uliyoandika. Injini ikipata moto, izungushe robo kwa robo, huku na huku, mpaka mahali inaponguruma upesi na kwa utulivu zaidi. Ndipo uteremshe sailensa kwa skrubu yake kubwa.

Neno moja kwa wale wa milimani. Mtu akitoka Tanga, ufukoni, akapanda mpaka Lushoto, amepanda karibu mita 1,400. Huko hewa imepungua uzito kwa sehemu 1 kati ya 8 hivi, lakini jeti ni zile zile. Mchanganyiko utakuwa mzito kidogo na nguvu itapungua. Pikipiki haiumwi. Ukibadili jeti huko juu kisha ukashuka nayo pwani, mchanganyiko utakuwa mwepesi na injini itachemka.

Kwa juma lijalo, kila mwanafunzi aandike mistari mitano juu ya pikipiki anayoijua: rangi ya plagi yake, hesabu ya skrubu yake, na mahali pa mkono inapokohoa. Asiye na pikipiki amwulize jirani. Leteni pia mnyororo mmoja uliochakaa, kwa kuwa ndilo somo linalofuata. Kwaherini.