Kuku Keshachinjwa, Mgeni Hali Nyama

Mgeni wa heshima akifika Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, hakuna anayemuuliza kama anakula nyama. Watoto wanatumwa kumkimbiza kuku, maji yanainjikwa mekoni, na kabla mgeni hajamaliza kusimulia ubovu wa barabara manyoya yameshanyonyolewa. Kuku huyo alikuwa na kazi nyingine. Pengine angeuzwa mnadani ili mtoto apate madaftari, au angeendelea kutaga. Kwa hiyo anapotokea mgeni, na siku hizi mara nyingi ni kijana wa nyumba hiyo hiyo aliyekwenda kusoma Mbeya au kutafuta maisha Dar es Salaam, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nimeacha nyama," mama hasikii habari ya chakula. Anasikia kwamba kuna jambo limeharibika kati yake na mwanawe.

Mijini jambo hili huzungumzwa kama suala la afya au la mtindo wa maisha. Ukilipandisha hadi uwanda wa Ufipa, huku kwetu Rukwa, linakuwa zito zaidi, na linastahili kutazamwa kwa uzito huo.

Kuacha nyama si jambo geni huku. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na imani waliyoileta ikaenea uwanda mzima. Vizazi vya Wafipa, Wamambwe na Walungu vimekua vikijua kwamba Ijumaa ya Kwaresima sufuria ya nyama haipandi mekoni. Mwislamu akikataa nguruwe katika harusi ya Sumbawanga, ambako nguruwe wanafugwa kwa wingi, hakuna anayenuna. Msabato naye hukataa, na wapo Wasabato wanaoacha nyama zote kwa kufuata mafundisho ya afya ya kanisa lao, lililoanza kazi nchini kule Upare mwaka 1903. Mzee aliyekatazwa na daktari kwa sababu ya jongo au presha huwekewa maharage yake pembeni bila neno. Na mwenye mwiko wa ukoo hahojiwi kabisa.

Hawa wote wana mtu anayesimama nyuma yao: Mungu, mababu au daktari. Kijana anayesema "nimeamua mwenyewe" hana mdhamini. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, wala si kwenye nyama yenyewe. Jamii yetu imezoea kuheshimu katazo, lakini haijazoea kuheshimu dhamiri ya mtu mmoja inayojisimamia bila katazo la mtu mwingine. Vijana wengi wanalijua hilo, ndiyo maana husingizia vidonda vya tumbo. Uongo huo unanisikitisha, maana unamnyima mzazi nafasi ya kumjua mwanawe.

Wakristo wa Ufipa wana silaha kubwa ya kusuluhisha jambo hili na hawaitumii. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 14, Mtume Paulo anazungumza waziwazi juu ya mtu anayekula kila kitu na mwenzake anayekula mboga tu. Anamkataza wa kwanza kumdharau wa pili, na wa pili kumhukumu wa kwanza. Sijui mahubiri gani yangekuwa na faida kuliko hayo siku ya harusi, pale shangazi wawili wanapomsema binti aliyeacha pande la nyama juu ya pilau.

Sababu za waachao nyama nazo si za kubeza. Wengine wanataja afya, wengine malisho yanavyokula misitu. Mimi ile inayonigusa zaidi ni ya maksai. Ufipa hulima kwa plau. Maksai wawili hufungwa nira, na mtoto wa miaka kumi huwaongoza akiwaita kwa majina yao. Miaka inapita, mabega yanachoka, siku moja mnunuzi anafika na ng'ombe aliyelilimia shamba la familia anapandishwa kwenye lori kwenda machinjioni. Kwa mkulima hiyo ni akiba yake inayorudi, na hakuna wa kumlaumu: fedha ile ndiyo mbolea na ada ya shule. Lakini mtoto aliyeshika kamba ya nira naye ana haki ya kusema, akiwa mtu mzima, kwamba hawezi kuila nyama hiyo. Nchi yetu yenyewe imekiri kwamba mnyama anaumia: tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukisimama pale ng'ombe wanapopakiwa kwa viboko na kupindwa mikia, utaona jinsi sheria hiyo ilivyo mbali na mnada.

Swali la binadamu na mnyama halikuletwa Ufipa na filamu za mtandaoni. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1974 kitabu kiitwacho Man and Beast. Aliwalinganisha Wafipa na Wanuer wa Sudan Kusini ya leo na Walele wa Kongo kwa namna wanavyowatazama wanyama, na kwa Wafipa alimkuta chatu akiwa na maana isiyohusiana kabisa na nyama wala ngozi. Kwa hiyo kijana anayeuliza leo tunawiwa nini na wanyama hajaiacha mila ya kufikiri ya kwao.

Hata hivyo, mama aliyechinja ana maumivu ya kweli. Kwanza, kukataa chakula cha mtu katika nchi yetu kuna maana mbaya ya kale: unamshuku. Sumbawanga imebebeshwa sifa ya uchawi na utani wa taifa zima, na wenyeji wanaijua. Mgeni akisukuma bakuli pembeni bila maelezo, mwenyeji anaanza kujiuliza anaogopwa nini. Pili, kuna umaskini. Takwimu ambazo Wizara ya Mifugo na Uvuvi imekuwa ikizitaja ni kwamba Mtanzania hula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka, na ni wazi kwamba mtu wa kijijini hafikii hata hizo. Aliyesoma shule ya bweni anajua ugali kwa maharage Jumatatu hadi Jumapili. Kwa watu wetu wengi kutokula nyama ndiyo hali ya kila siku. Nyama ni Krismasi, ni Pasaka, ni harusi, ni mgeni. Anapokuja mwenye uwezo wa kuila akasema haitaki, anaonekana anaidharau sikukuu yenyewe. Mtu aliyelala njaa hawezi kusifiwa mfungo.

Lakini lipo jambo ambalo sherehe zetu hazipendi kuliona. Katika makabila mengi ya nchi hii mwanamke alinyimwa mayai akiwa mjamzito, na firigisi hadi leo, katika nyumba nyingi, ni ya baba. Watoto walipewa shingo na miguu. Hakuna kikao cha ukoo kilichoitishwa kwa sababu hiyo. Mwanamke akinyimwa nyama, ni mila; mwanamke huyo huyo akiikataa kwa hiari yake, ni kiburi. Ninaposikia binti anaitwa mwenye maringo kwa kuacha nyama, nataka kujua kwanza nani alikula firigisi katika nyumba ile miaka yote alipokuwa mdogo.

Tunajua pia nyama inaweza kututenganisha hadi kumwaga damu. Mwaka 2013 mabishano kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nani mwenye haki ya kuchinja yalizuka Buseresere, Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Miezi michache baadaye Tunduma, mji wa mpakani ambao watu wa Rukwa hupita kila siku, ukatikiswa na vurugu za jambo hilo hilo. Jamii iliyopita huko inapaswa kujifunza kukaa na mtu mmoja ambaye hataki kuchinjiwa kabisa.

Na kukaa naye kunawezekana kwa gharama ndogo, ila mwenye deni la kwanza ni yeye aliyeacha. Atangulize taarifa. Simu ya siku mbili kabla ya safari inaokoa kuku na inaokoa heshima ya mama. Akifika, aombe alichokikosa mjini: ugali wa ulezi, maharage mapya, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, uyoga kama ni masika. Ale kwa wingi na aombe kuongezwa, kwa sababu mpishi huangalia sahani kuliko anavyosikiliza maneno. Asifanye meza ya mzazi kuwa mahali pa kuhubiri juu ya machinjio. Akichangia harusi, achange kama wenzake hata kama fedha yake itanunua fahali. Asiyeweza hilo kwa dhamiri achange mchele, na aseme mapema. Wenyeji nao waache kumfichia mchuzi wa nyama ndani ya maharage ili wacheke baadaye. Huo ni udanganyifu, na aliyefanyiwa hausahau.

Yote haya ni ya watu wazima. Kwa mtoto nina msimamo mwingine, na sitaulainisha.

Rukwa ni ghala la nchi. Mahindi ya Ufipa hulisha mikoa ya mbali, maharage yake yanasifika sokoni. Bado, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Karibu nusu ya watoto, katika mkoa uliojaa magunia. Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya kuhara, maji, mama aliyechoka kwa kazi za shamba wakati wa ujauzito, na sahani ya mtoto yenye uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazoamua mengi, na urefu unaopotea hapo ni vigumu kurudi.

Ndiyo maana fundisho la kuacha kila kitokacho kwa mnyama, likishushwa kama lilivyo juu ya mtoto wa Mwimbi, ni la hatari. Mtu mzima wa London anayeacha nyama, maziwa na mayai ana duka lenye vyakula vilivyoongezwa vitamini B12, na vidonge akivitaka. Vitamini hiyo haimo katika mahindi wala maharage. Imo katika mayai, maziwa, dagaa, nyama na maini. Upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu. Mama anayenyonyesha ambaye halambi hata yai huipitisha hasara hiyo kwa mtoto.

Sisemi mtoto alishwe nyama kwa nguvu. Yai moja, kikombe cha maziwa, kijiko cha dagaa waliosagwa ndani ya uji vinatosha kuziba sehemu kubwa ya pengo, na dagaa hupanda kutoka Kasanga hadi masoko ya Matai na Sumbawanga. Nyumba yenye kuku watano haina sababu ya kuuza mayai yote huku mtoto anakunywa uji mtupu. Mzazi aliyeacha nyama kwa dhamiri yake anabaki na haki yake kamili. Haki hiyo haimruhusu kuamua peke yake juu ya mwili ambao bado haujamaliza kujengwa.

Wewe mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano, uwe umeacha nyama kwa hiari au huipati kwa kukosa fedha, mpeleke kliniki mwezi huu. Omba apimwe urefu, si uzito peke yake, na umwambie mhudumu bila kuficha ni vyakula gani haviliwi nyumbani kwako.