Mikrokontrola, kidhibiti au aisii? Istilahi za ufundi wa vifaa vya zamani

Mikrokontrola (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni kompyuta ndogo iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni: ina kichakataji, kumbukumbu na njia za kupokea na kutoa ishara, nayo hutekeleza programu iliyohifadhiwa ndani yake. Miongoni mwa za mwanzo kuuzwa ni TMS1000 ya Texas Instruments, mwaka 1974. Intel ilitoa 8048 mwaka 1976 na 8051 mwaka 1980. Katika redio ya tarakimu ndiyo isomayo vitufe na kuonyesha masafa. Katika televisheni ya chogo ndiyo ipokeayo amri za rimoti.

Aisii na mikrokontrola

Mafundi wengi husema aisii, neno lililotokana na matamshi ya herufi mbili za ufupisho wa Kiingereza. Neno hilo ni sahihi, ila ni pana. Kila mikrokontrola ni aisii, lakini si kila aisii ni mikrokontrola. Kichakataji nacho ni sehemu tu ya mikrokontrola, hivyo maneno hayo mawili hayafai kubadilishana nafasi katika tafsiri.

Tofauti hiyo ina gharama. Matombo iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, unaopokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi. Unyevu huingia ndani ya redio na kutia kutu miguu ya vipuri. Mwenye redio akiambiwa tu kwamba “aisii imeungua”, huenda akasafiri hadi Morogoro mjini kutafuta kipuri. Ikiwa iliyoharibika ni aisii ya kukuza sauti, atanunua nyingine yenye namba hiyohiyo, italehemiwa, na redio itasema. Ikiwa ni mikrokontrola, kipuri kipya chaweza kuwa kitupu, hakina programu yoyote. Kitalehemiwa vizuri na redio itabaki kimya. Nauli imekwenda, fedha ya kipuri imekwenda, na redio inatupwa kwa sababu ya neno moja lililokosa kufafanuliwa.

Imekufa, imeungua, imepoteza programu

Kitenzi *-fa* hutumika kwa kifaa chochote kisichofanya kazi, bila kutaja sababu. *-ungua* hudai sababu: joto au umeme uliopita kiasi. *-poteza programu* husema kwamba kipuri chenyewe ni kizima, lakini maagizo yaliyomo yamefutika au yamevurugika. Anayetafsiri mwongozo wa ufundi hana budi kuchagua kwa kufuata vipimo, wala si kwa mazoea.

Vipimo hivyo vina mpangilio. Kwanza hupimwa umeme unaoifikia mikrokontrola, ambao katika saketi nyingi za zamani ni volti 5. Pili huchunguzwa kristali inayoipa mapigo ya kufanyia kazi. Tatu huhakikishwa kwamba mguu wa kuianzisha upya haukukwama katika hali ya kuizuia isianze. Vitufe vyenye kutu na miguu iliyoachia lehemu navyo huangaliwa. Yote yakiwa sawa na kifaa hakiitiki, hapo ndipo ifaapo kuandika kwamba *mikrokontrola imekufa*. Kuandika *imeungua* kungoje ushahidi, kama vile kipuri kupata joto kali mara tu umeme unapowashwa.

Kubadilisha na kutia programu

Namba iliyochapwa mgongoni mwa kipuri hunakiliwa yote, pamoja na herufi za mwishoni, kwa kuwa zaweza kutaja umbo, kasi au toleo la programu. Katika vifaa vingi vya zamani programu iliwekwa kiwandani wakati kipuri kinatengenezwa, na haiwezi kuandikwa upya. Kwa hiyo mbadala wa uhakika mara nyingi hutoka katika bodi mbovu ya kifaa cha aina hiyohiyo. Aina zinazoandikika, kama ATmega328P, hutiwa programu kwa kompyuta; mafundi wa simu huita kazi inayofanana na hiyo *kuflashi*. Katika maandishi rasmi, *kutia programu* hueleweka bila shida.

Hapa pia *-lehemu* na *-chomelea* hutenganishwa. Saketi hulehemiwa, geti la chuma huchomelewa. Mwanafunzi akisoma “chomelea kipuri kwenye bodi” atawaza mtambo usiohusika kabisa.

Je, kidhibiti hakitoshi?

*Kidhibiti* kimeundwa vizuri: kiambishi ki- na kitenzi *-dhibiti*, kwa maana ya kifaa kinachodhibiti. Mbinu ya kukipa kifaa jina la kazi yake ndiyo iliyozaa *king’amuzi*, kutokana na *-ng’amua*, neno lililoenea Tanzania wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali; mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. King’amuzi kilifaulu kwa kuwa kifaa kimoja kilipata jina moja. Kidhibiti kina wadai wengi: rimoti huitwa *kidhibiti mbali*, na kifaa kinachosimamia chaji ya betri ya sola nacho ni kidhibiti. Tena ndani ya vyote viwili huweza kuwamo mikrokontrola.

Matumizi yanayopendekezwa

Katika mwongozo, mtihani au tafsiri, *mikrokontrola* itumike kwa kipuri chenye programu, *aisii* kwa jina la jumla, na *kidhibiti* kwa kifaa kizima, kikifuatwa na neno linalobainisha kazi yake.

Isiandikwe: *Kidhibiti kimeungua, chomelea kingine.*

Iandikwe: *Mikrokontrola imekufa, lehemu nyingine yenye namba ileile na programu ileile.*

Sentensi ya pili ni ndefu kidogo, lakini msomaji wake anajua la kuulizia dukani kabla hajatoa fedha.