Kofia ya mtu wa anga kutokana na magazeti, ndala na mawe ya redio

Mzazi mmoja wa Dindira alituuliza maswali mawili kwa ujumbe mmoja. Kijana wake amemaliza shule, na kila jioni yuko nyuma ya nyumba akitengeneza kofia na silaha kama za zile sinema za watu wa anga na maroboti. Swali la kwanza: hii ni kazi au ni mchezo wa kupoteza muda? La pili: ule moshi wa mabati anaouvuta una madhara? Tunaanza na la kwanza, ingawa la pili ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kutengeneza vifaa vya kuigizia ni kazi, na wapo wanaoifanya karibu na sisi. Pale Wakaliga, mtaa wa Kampala nchini Uganda, kuna studio inayojulikana kama Wakaliwood. Mwanzilishi wake, Isaac Nabwana, alikuwa akifyatua matofali kabla ya kuingia kwenye filamu, na kompyuta za kuhariria aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri. Filamu yake ya mwaka 2010, "Who Killed Captain Alex?", ilitengenezwa nyumbani kwa fedha ambazo wengine hutumia kwa sherehe moja ya kipaimara, ikatazamwa dunia nzima kupitia mtandao. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, "Crazy World", ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada.

Bunduki na mitambo ya kwenye filamu hizo ni kazi ya fundi wao, Dauda Bisaso, ambaye pia huigiza. Anatumia mabomba, mbao na vyuma chakavu. Ameunda hata bodi ya helikopta, ambayo hairuki lakini mwigizaji anaweza kukaa ndani yake akapigwa picha. Nabwana amewahi kusimulia kwamba mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe kwenye matukio ya mapigano, mwigizaji akaugua, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Hilo mzazi alikumbuke, maana fundi wa kazi hii hulinda kwanza mwili wa atakayekivaa kifaa.

Tusidhani pia kwamba Wamarekani na Waingereza walianza na mitambo mikubwa. Ule upanga wa mwanga wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ulikuwa mpini wa taa ya kamera kuukuu aina ya Graflex. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, aliukuta kwenye duka la vifaa vya picha mjini London. Akabandika vipande vya mpira ili ushikike, na kipande cha kioo cha kikokotoo ili upendeze. Yeye na wenzake walipewa tuzo ya Oscar kwa upambaji wa filamu hiyo. Katika filamu ya mfululizo huohuo iliyotoka mwaka 1999, chombo cha mawasiliano anachoshika mzee mmoja kilitengenezwa kutokana na wembe wa kunyolea wa akina mama. Kwa hiyo anayeokota gamba la redio mbovu Korogwe mjini na kuliona kama kifua cha roboti yuko kwenye njia ileile.

Sasa kofia yenyewe. Tumechagua kofia kwa sababu haichomelewi, haiogopeshi mtu barabarani, na kosa lake hurekebishika kwa mkasi.

Ukitaka nakala ya kofia uliyoiona kwenye sinema, shida ya kwanza ni vipimo, kwa sababu una picha tu kwenye simu. Tafuta kwenye picha hiyo kitu ambacho ukubwa wake unaujua. Kichwa cha mtu mzima kutoka kidevuni hadi utosini ni kama sentimita 23. Kikiwa sentimita 3 kwenye picha, basi kila sentimita moja ya picha ni karibu sentimita 8 za kweli. Kama upana wa kofia kwenye picha ni sentimita 4, utakuwa na sentimita 31 hivi mkononi. Tumia picha iliyopigwa kwa mbali kidogo na kwa usawa wa uso. Picha ya karibu sana hukuza pua na kupunguza masikio, na kofia itatoka imepinda.

Kalibu rahisi kuliko zote ni mpira wa miguu wa saizi 5. Mzunguko wake ni sentimita 68 hadi 70, wakati kichwa cha mtu mzima wengi wetu ni 56 hadi 58. Nafasi inayobaki utaijaza sponji ya godoro ili kofia ikae bila kucheza. Paka mpira mafuta ya mgando, kisha bandika vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano, ukiacha sehemu ya chini wazi kwa ajili ya kichwa kuingia. Chana gazeti kwa mkono, usikate kwa mkasi, maana kingo zilizochanika hulala vizuri zaidi. Tabaka sita hadi nane zinatosha, lakini usiweke zote siku moja. Weka mbili, acha zikauke, ndipo uongeze. Ukimaliza, toa upepo kwenye mpira nao utatoka wenyewe.

Hapa mahali unapoishi panahusika. Handeni jua litakukaushia tabaka mbili kwa siku. Dindira, kwenye ukungu wa mashamba ya chai, zitachukua siku kadhaa, na zisipopata hewa zitaota uvundo. Kijiko cha chumvi kwenye uji hupunguza tatizo hilo. Tundika kazi yako jikoni juu, mbali na moto, pale mnapokaushia mahindi ya mbegu.

Mapambo ya nje, yaani masikio, mikunjo na mistari inayofanya kofia ionekane ni ya chuma, yanatoka kwenye ndala zilizokatika. Mafundi wa Ulaya na Marekani hununua karatasi za sponji ngumu kwa ajili hiyo, na sponji hiyo ni ya jamii moja na ndala nyingi tunazovaa. Zioshe, zikate kwa wembe mkali, kisha zipashe kwa pasi ya mkaa isiyo na moto mwingi huku ukiweka kitambaa katikati. Zitalainika, utazikunja kwenye chupa au gogo, na zikipoa zitabaki na umbo hilo. Kubandika tumia gundi ya fundi viatu. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Gundi hiyo hupakwa pande zote mbili, inaachwa dakika kumi hivi mpaka isinate tena kidoleni, ndipo vipande vinakutanishwa. Ipake nje, kwenye upepo. Harufu yake hulevya na huumiza ubongo, na si ya kuachwa karibu na watoto.

Kioo cha mbele kinatoka kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Toboa pia matundu ya hewa chini ya pua na nyuma ya masikio, na asivae kofia hii mtu anayeendesha bodaboda, kwa sababu haimkingi na chochote.

Macho yanayowaka ndiyo raha ya kazi nzima. Chukua taa ndogo nyeupe kwenye tochi mbovu na mawe matatu madogo, ambayo kwa pamoja yana volti 4.5. Taa nyeupe inahitaji volti 3 hivi. Ukiiunganisha moja kwa moja itawaka kwa nguvu kisha ife, kwa hiyo weka kizuizi cha umeme katikati, kile kidude chenye mistari ya rangi kilichojaa kwenye redio mbovu. Cha mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia ni omu 100, nacho kinafaa. Kwa macho mawili, kila taa iwe na kizuizi chake. Taa isipowaka, geuza miguu yake, maana inapitisha umeme upande mmoja tu. Betri ya simu iliyovimba usiiweke kichwani mwa mtu kwa sababu yoyote ile.

Tumefika kwenye moshi. Bati la kuezekea limepakwa zinki ili lisishike kutu. Kulikata kwa mkasi hakuna shida kubwa zaidi ya kujikata. Kulichomelea au kulitia motoni ni jambo jingine, kwa sababu zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, chini kabisa ya joto la kuchomelea, na hutoka kama moshi mweupe. Anayeuvuta huwa mzima jioni ile. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, anapata homa, baridi, maumivu ya misuli, kichwa na ladha ya chuma mdomoni.

Ukiangalia dalili hizo utasema ni malaria, na ndivyo familia nyingi zinavyosema. Kijana anapewa dawa ya malaria bila kupimwa, kesho yake au keshokutwa homa inaisha yenyewe, na kila mtu anaamini dawa ilifanya kazi. Wiki inayofuata anarudi kwenye moshi uleule. Ushauri wetu ni kwenda zahanati, kupimwa malaria kama kawaida, na kumwambia mhudumu waziwazi kwamba mgonjwa alichomelea mabati. Akibanwa kifua au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Yale maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kuchomelea yanashibisha tu. Moshi umeingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni.

Kuchoma nyaya ili kupata shaba nako kuachwe. Mpira wa nyaya na mabomba ya plastiki hutoa gesi kali inayounguza koo. Bomba la plastiki ukitaka kulipinda, litumbukize kwenye maji yanayochemka, litalegea. Na madebe ya dawa za shambani yasiguswe kwa kazi hii hata yakisuuzwa mara kumi.

Kuhusu silaha za kuigiza, sisi tungependa kijana aziache mpaka awe na filamu ya kweli ya kuzitumia. Akizitengeneza, azipake rangi kali isiyo ya chuma, azibebe kwenye mfuko barabarani, na siku ya kupiga picha amwarifu mwenyekiti wa kitongoji na polisi wa kata mapema. Usiku kwenye barabara ya mlimani, mtu aliyeshika bomba jeusi hawezi kumweleza polisi habari za sinema.

Rangi ya kofia iwe jambo la mwisho. Anza na rangi nyeusi ya maji, iache ikauke, kisha gusa kingo tu kwa sponji yenye rangi ya fedha kidogo sana. Hapo gazeti litaonekana kama chuma kilichochakaa vitani.