Masika Atasali Wapi?

Kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, mtoto hangojei ubatizo ndipo apate jina. Jina ndilo linalomngojea yeye. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, na nyuma yake wanakuja akina Kanyere, Kavira, Kavugho na Kahambu, kwa mpangilio unaotofautiana kidogo kati ya ukoo na ukoo. Wasichana wakizaliwa mfululizo, kisha akatokea mvulana, huyo ataitwa Muhindo. Majina haya ni foleni ya tumbo la mama: yanasema umekuja wa ngapi, basi. Hayaulizi baba anasali wapi. Ndiyo maana darasani chuoni mwalimu akiita Kambale, wanaitikia kadhaa: mmoja wa parokia, mwingine Mbatisti wa Katwa, mwingine Mwadventista, na pengine mmoja ambaye Ijumaa mchana utamkuta msikitini. Mwalimu analazimika kuongeza jina la pili na la tatu ili ajue anamtafuta nani.

Mimi ni Masika. Nilizaliwa Beni, na sasa nasoma Butembo, kilomita zipatazo 50 kusini. Sisi Wayira, ambao wengi wanatujua kwa jina la Wanande, tumezoea kutajwa kwa biashara. Mgeni akifika huku anasimuliwa kuhusu wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na China kuleta bidhaa, kuhusu vitunguu na viazi vya Lubero, na kuhusu vita. Ni nadra asimuliwe jinsi nyumba moja inavyobeba makanisa matatu au manne bila kuta zake kupasuka. Mimi naona hilo ndilo jambo la ajabu zaidi tulilo nalo, ingawa lina kasoro moja ambayo wazee hawapendi kuisikia.

Jina la nyumbani limewahi kupimwa na serikali. Mwaka 1972 Rais Mobutu, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, aliwataka Wakongo wote, walioitwa Wazaire wakati ule, waache majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kuishi Roma kwa muda. Huku kwetu agizo halikuleta kilio kikubwa kwa upande wa karatasi, kwa kuwa akina Paluku na akina Kahindo walikuwapo tayari, wenye majina ya kuandika. Kilichofichwa ni jina la ubatizo. Lilibaki kwenye cheti cha parokia na mdomoni mwa katekista, likawa na mvuto wa kitu kilichokatazwa. Siasa ilipolegea mwaka 1990 majina hayo yakarudi hadharani. Hata hivyo Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu chake cha 58, ilikuwa imeshaagiza kwamba majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi. Kwa hiyo kadi yangu ya mwanafunzi ina nafasi tatu: Masika, ambalo ni la nyumba, la pili, nililopewa kwa kumkumbuka mzee wa ukoo, na la tatu, ambalo kanisa lilinipa. Nikiulizwa mimi ni nani, nikajibu kwa lile la tatu peke yake, nyanya yangu ataona nimemwonyesha mtu kanga bila kumwonyesha uso.

Makanisa hayakukuta watu wasio na dini. Nyamuhanga, Muumba, alikuwa akitajwa kabla ya misheni, na hadi leo Wakristo wanamwita Mungu kwa jina hilo hilo wakisali kwa Kinande. Chini yake walikuwapo Kitasamba wa mlima Rwenzori na Nyabibuya aliyeombwa watoto, na nyuma ya nyumba vibanda vidogo vya kuwawekea sadaka. Mapadre Waasumpsionisti walifika eneo la Beni mwaka 1929. Wabatisti wa Katwa walikuwa wa kipindi hicho hicho. Jimbo la Beni likaundwa mwaka 1959, na leo linaitwa Butembo-Beni. Vibanda viliondoka, angalau machoni pa watu. Ila mambo mengine yalikataa kuondoka kwa urahisi.

Mfano ni olusumba, jando letu la zamani. Wavulana walipelekwa porini pamoja, wakatahiriwa, wakafundishwa nyimbo na siri za uanaume, wakarudi wakiwa watu wengine. Leo mtoto anatahiriwa hospitalini akiwa mdogo, analia kidogo, anapewa soda. Wachungaji wengi wanasema olusumba ina mizimu ndani yake, na mzee wa kijijini anasema ilikuwa shule. Nadhani wote wawili wana ukweli kwa sehemu, na kwamba tumepoteza shule kwa kukimbia mizimu. Kilichobaki ni kyaghanda, mahali wanaume wa ukoo walipokuwa wakikaa kuzunguka moto jioni, wakila pamoja na kuamua mashauri. Moto wenyewe umezimika katika nyumba nyingi za mjini, lakini jina limehamia kwenye mikutano ya jamii, na kazi ni ile ile: kuketi, kusikiliza, kuamua. Huko hakuna anayeulizwa kadi ya ubatizo.

Angalia sherehe ya mahari. Kwetu mahari ni mbuzi, na hata pale pesa zinapotolewa zinahesabiwa kwa jina la mbuzi. Wazee wa pande mbili wanakaa wakivutana kwa heshima, shangazi anasikiliza kila neno, na kijana anayeoa ananyamaza. Mezani kuna kasikisi, pombe ya ndizi, kwa wajomba Wakatoliki, na kreti za sukre, yaani soda, kwa walokole na Waadventista. Hakuna anayemsukumia mwingine chupa. Sala ya kufungua inasemwa na mzee mmoja, ya kufunga na mwingine wa dini nyingine, na wote wanaitika Amina. Nimeona ukoo ukihamisha kikao kutoka Jumamosi hadi Jumapili alasiri kwa ajili ya mwana mmoja Mwadventista, anayesali Jumamosi. Hakuna aliyetaja katiba. Walisema tu kwamba bila Kakule kikao hakijatimia.

Huyo huyo Kakule shuleni alipata tabu. Shule zetu nyingi zina wenyewe wawili. Serikali ilizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikatia sahihi makubaliano ya kuzirudisha mikononi mwa makanisa, yenyewe ikibaki kuweka mitaala na kulipa walimu. Kwa hiyo mtoto wa Kiprotestanti anasoma kwa Wakatoliki kwa sababu ndiyo shule iliyo karibu, na wa Kiislamu anasoma kwa Waprotestanti. Wiki ya masomo ina siku sita. Katika shule moja ya sekondari niliyosoma, jaribio liliwekwa Jumamosi, Kakule hakuja, akapata sufuri. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema kalenda ni kalenda. Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria, mimi niliyekuwa nikiipenda fasihi. Katiba ya Februari 18, 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Kifungu cha 45 kinakataza ubaguzi wa dini katika kuingia shule za taifa. Mwaka 2013 wizara ya elimu ilitoa agizo dhidi ya kuwabagua wanafunzi kwa sababu ya dini, baada ya watoto wa Mashahidi wa Yehova kufukuzwa shule. Karatasi hizo ni nzuri. Sijaona hata moja ikiwa imebandikwa ukutani mwa ofisi ya mkuu wa shule, mahali ambapo orodha ya wasiolipa karo haikosekani.

Watu wakiniuliza nani alinitia moyo, wanatarajia nitaje mwanamuziki au mchezaji. Namtaja Askofu Emmanuel Kataliko. Aliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, na mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapa Butembo, wakati kijana wa huku aliyetaka shahada alipaswa kwenda mbali na kwao. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu aliandika barua ya Krismasi ya mwaka 1999 kukemea watawala wa vita waliokuwa wakiwanyonya watu, na Februari 2000 wakamfukuza. Walimrudisha wapi? Nyumbani, Butembo. Alikaa miezi saba uhamishoni kwao mwenyewe, jambo ambalo bado linanichekesha na kunitia uchungu. Aliruhusiwa kurudi Bukavu Septemba, na Oktoba 4, 2000 akafariki Roma. Sikuwa nimezaliwa. Lakini nimekua nikisikia Waprotestanti wakimtaja kama wao, na hilo limenifundisha juu ya dini kuliko mahubiri mengi.

Wa pili ni Mwislamu. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limemwaga damu isiyo na hesabu mikononi mwa ADF, kundi lenye asili ya Uganda linalojifunika jina la Uislamu. Sheikh Ali Amini wa Beni aliwakemea waziwazi. Jioni ya Mei 1, 2021 alipigwa risasi msikitini, katika sala, mwezi wa Ramadhani. Mwezi uliofuata, Juni 27, bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Emmanuel-Butsili, hapo hapo Beni. Januari 2023 lingine likaua waumini wa kanisa la Kipentekoste Kasindi, mpakani. Na kabla ya hayo yote, Oktoba 2012, mapadre watatu Waasumpsionisti walitekwa Mbau, na mpaka leo hawajarudi.

Orodha hiyo inatosha kumjibu anayemtazama msichana mwenye hijabu kwa jicho la shaka ndani ya basi la Beni. Wapo wanaofanya hivyo, sitaficha. Hofu ya watu ina sababu, kwa sababu wamezika watu wengi mno. Lakini wanaoshukiwa kumuua sheikh ndio wale wale wanaochoma vijiji vya Wakristo. Msichana yule ni Masika au Kavira kama mimi, na msiba wa ukoo ukitokea tutakutana matangani, tukipika bugali na sombe katika sufuria moja.

Sasa nifike kwenye kasoro niliyoitaja. Ukarimu huu wa nyumba una mpaka, na mpaka wenyewe ni ndoa ya msichana. Mvulana akiacha kanisa la baba yake akaenda la walokole, wazee watanung'unika msimu mmoja kisha wataketi naye kyaghanda. Msichana hana safari hiyo. Tunaoana kwa hatua tatu, ya kimila, ya Leta, yaani ya serikali, na ya kanisa, na katika hatua ya tatu mara nyingi anayehama ni bibi harusi. Aliyelelewa Mbatisti anafundishwa katekisimu kwa haraka. Aliyeimba kwaya ya parokia miaka yote anazamishwa mtoni. Wengine wanahama kwa moyo wao, nao wana haki kamili. Wengi hawakuulizwa. Nilipomwuliza nyanya yangu, aliyehama kanisa kwa ndoa, alijibu kwa utulivu, "Nilifuata mbuzi wangu." Alicheka, nami nikacheka naye, ingawa jibu hilo sikulipenda.

Wazee husema mke na mume wakisali mahali pawili watoto watachanganyikiwa. Sikubali. Watoto wetu wanakua kati ya wajomba wa makanisa manne na bado wanajua nani wa kumsalimu kwanza. Kama nyumba inaweza kuweka kasikisi na sukre kwenye meza moja, inaweza pia kuwa na Jumamosi ya mama na Jumapili ya baba. Katiba inayomlinda Kakule katika jaribio lake la Jumamosi inamlinda pia Masika siku ya harusi yake. Tofauti ni kwamba Kakule ana ukoo wa kumsemea.

Basi nawaomba baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi wa Butembo na Beni: siku ya kuhesabu mbuzi, kabla hamjasema idadi imetimia, muulizeni msichana mbele ya wakwe anataka kusali wapi, na jibu lake liandikwe pamoja na hesabu.