Doha: Wingu limetanda, mvua hakuna, kisha mafuriko ndani ya saa chache

Kwa aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, wingu jeusi halina maswali: unaanua nguo, unawaita watoto ndani. Hapa Doha siyo hivyo. Wingu linaweza kutanda kutwa nzima lisidondoshe hata tone. Siku nyingine asubuhi jua kali, alasiri vumbi, na jioni barabara imekuwa ziwa.

Kwa mwaka mzima Doha hupata takriban milimita 75 tu za mvua. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000. Lakini uchache huo usikudanganye, maana mvua ya huku ikija, huja yote kwa mkupuo.

Agosti jasho tele, mvua hakuna

Hili ni swali wanaloulizana wengi: mwezi wa Agosti na Septemba ukitoka nje miwani inafunga ukungu, nguo zinalowa jasho, hewa imejaa maji. Mbona hainyeshi?

Jibu ni kwamba unyevu peke yake hautoshi. Ili wingu lizaliwe, hewa lazima ipande juu. Ikipanda inapoa, takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja, mpaka mvuke ugeuke vitone. Na vitone hivyo vinahitaji kitu cha kushikia: chembe ya vumbi, ya chumvi ya bahari au ya moshi. Vumbi na chumvi hapa Ghuba vipo kibao. Kinachokosekana ni ile safari ya kwenda juu.

Wakati wa kiangazi, huku India ikinyeshewa mvua za msimu, hewa iliyopanda kule hushuka sehemu nyingine, na Ghuba ni mojawapo. Hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Inakaa juu yetu kama mfuniko wa sufuria, na mvuke wa baharini unabaki chini kututesa sisi.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni kinyume. Ukanda wa mvua unaofuata jua hupita mara mbili kwa mwaka, ukisukuma hewa yenye unyevu kwenda juu. Ndiyo maana tuna masika na vuli.

Matone yanayoishia angani

Hata wingu likipatikana, kazi bado. Kitone cha wingu ni kidogo mno. Vinahitajika kama milioni moja viungane ili kupata tone moja la mvua. Tone hilo nalo likianza kushuka linakutana na hewa kavu ya jangwani na kuyeyuka kuwa mvuke kabla halijafika chini. Ukitazama vizuri utaona chini ya wingu kama mapindo ya pazia la kijivu yanayoning'inia, hayagusi ardhi. Wataalamu huyaita virga. Mvua imenyesha kweli, ila haikukufikia wewe.

Tena mvuke huo huipoza hewa, hewa inakuwa nzito na kuporomoka kwa kasi. Ikigonga ardhi inasambaa na kutimua vumbi. Ndiyo ule upepo unaobamiza milango na kurusha vitu vya roshani dakika chache kabla ya ngurumo.

Wasmi na Sarayat

Wenyeji wana majina ya misimu yao. Wasmi huanza katikati ya Oktoba na kuchukua siku 52. Ndiyo mvua inayosubiriwa na wafugaji kwa ajili ya malisho. Mvua ikichelewa, watu huswali swala ya istisqaa, na Amir Sheikh Tamim amekuwa akishiriki.

Sarayat huja mwishoni mwa Machi hadi Mei. Hiki ndicho kipindi cha vigeugeu hasa: ardhi imeshapata joto, juu bado kuna baridi, basi wingu la radi linaweza kukua kwa muda mfupi mpaka kilomita 10 na zaidi kwenda juu. Linaleta radi, upepo na hata mvua ya mawe, mara nyingi alasiri au usiku.

Mvua ya mwaka kwa siku moja

Tarehe 20 Oktoba 2018, sehemu za Doha zilipata zaidi ya milimita 80 kwa siku moja. Barabara na mahandaki ya magari yakajaa maji. Qatar ni tambarare, haina mto hata mmoja wa kudumu, na mji umefunikwa lami na saruji. Maji hayana pa kukimbilia.

Aprili 2024 ilikuwa mbaya zaidi kwa majirani. Khatm al Shakla, eneo la Al Ain huko Imarati, ilipokea milimita 254.8 kwa chini ya saa 24. Oman, kwenye ndugu zetu wengi, mafuriko yaliua karibu watu 20, wakiwemo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari. Hapa Qatar shule zilihamia masomo ya mtandaoni tarehe 16 mwezi huo.

Familia zifanye nini

Kwanza, angalia taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Qatar kabla ya kwenda kupiga kambi Sealine au Khor Al Adaid. Hema siyo kinga ya radi. Ingia garini, funga vioo.

Pili, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, watoto waingie ndani, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Tatu, usiingize gari kwenye handaki lenye maji wala kukatisha wadi, hata kama wa mbele kapita. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Na vijana wetu wanaopeleka chakula kwa pikipiki: paki, subiri. Oda itangoja.

Ukiwa hatarini Qatar, piga 999.